Nchi za kubuni na swali la nani hufukuzwa: kutoka Kusadikika hadi jukwaa la Nakuru

VIJANA wetu wa shule za upili huhitimu wakizifahamu nchi kadhaa ambazo hazimo kwenye ramani yoyote. Waliofanya KCSE katikati ya miaka ya 2010 wanaijua Sokomoko ya Mtemi Nasaba Bora katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na Cheneo katika Mstahiki Meya ya Timothy Arege. Waliowafuata wanaijua Sagamoyo katika Kigogo ya Pauline Kea, na Wahafidhina katika Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Muulize mwanafunzi wa Njoro au Molo Wahafidhina iko wapi. Hatababaika, atakuambia ni hapa hapa.

Wahakiki huzigawa nchi kama hizi mara mbili. Kuna utopia, jamii ya njozi ambamo haki na neema zimeenea, na kuna distopia, jinamizi ambamo walio juu wamewakalia walio chini. Neno utopia lilibuniwa na Mwingereza Thomas More mwaka 1516 kutokana na Kigiriki, na maana yake ni 'pasipo mahali'. Wanaosoma riwaya za Kiingereza wanazo zao pia, mathalan Panem katika The Hunger Games (2008) ya Suzanne Collins.

Kwa kawaida tunafunzwa kwamba mwandishi hubuni nchi ili kukwepa mkono wa serikali. Ni kweli, lakini barakoa hiyo haijawahi kumdanganya mtu, si msomaji wala mtawala. Makala haya yanashikilia kwamba nchi ya kubuni ina kazi kubwa zaidi. Inampa kijana nafasi ya kuuliza swali ambalo katika nchi halisi huzua balaa: nani amefukuzwa ili wengine wastarehe?

Tuanze na Shaaban Robert. Kusadikika ilitoka mwaka 1951, Tanganyika ingali chini ya Mwingereza. Jina lenyewe ni kitenzi kilichogeuzwa nchi: kile kiwezacho kusadikiwa. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno, eti kwa sababu anataka kufundisha sheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo. Kila mmoja alirudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, na kila mmoja akatupwa gerezani. Mwishowe wajumbe wanaachiliwa na mapendekezo yao yanakubaliwa. Kumbe nchi njema ilikuwa nyumbani siku zote, imefungiwa korokoroni.

Katama Mkangi aliligeuza swali hilo. Mhadhiri huyo wa sosholojia aliwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka mwaka 1986, na mwaka 1995 akachapisha Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, lakini anajifunza kukiendesha na kutua kwenye jamii yenye usawa. Karama alishinda kwao. Dzombo alilazimika kutupwa nje ndipo aione haki. Hebu litamke jina la nchi hiyo polepole: wale-ni-sisi. Katika neno moja, mpaka kati ya 'wale' na 'sisi' umefutwa. Falsafa yote ya riwaya imo humo.

Tuwaache waandishi wetu kidogo, tuitazame ardhi ya Bonde la Ufa yenyewe, maana nayo ina historia ya kuotewa ndoto. Mwaka 1890 mwanauchumi wa Vienna, Theodor Hertzka, alichapisha riwaya ya Freiland, akaiweka nchi yake kamilifu kwenye nyanda za juu karibu na Mlima Kenya. Mwaka 1894 wafuasi wake walitua Lamu wakinuia kwenda kuianzisha kikweli. Msafara ukavunjika kabla ya kufika bara.

Ndoto ya walowezi, kinyume na ile ya Hertzka, ilitimia. Kwa mkataba wa 1904, Wamaasai waliondolewa katika malisho yao ya Naivasha na Nakuru, baadhi wakapelekwa Laikipia na wengine kusini mwa reli. Mkataba wa 1911 ukawahamisha tena wale wa Laikipia. Njoro, Lord Delamere alikuwa amekodishiwa takriban ekari 100,000 kwa miaka 99. Pepo ya mlowezi ilianza siku Mmaasai alipofunga mizigo. Na tangu hapo, kila kizazi kilichoahidiwa ardhi katika bonde hili kimemkuta mtu mwingine juu yake.

Ndiyo maana wachochezi wa mapigano ya 1992, na tena ya 2007, hawakuhitaji maneno mengi. Walisema tu 'madoadoa' yaondolewe. Sisi wapenzi wa lugha tunafaa kulichunguza neno hili kwa makini. Doa haliwi doa bila kitambaa cheupe. Anayemwita jirani yake doa ameshabuni kichwani nchi safi, isiyo na mchanganyiko, na kilichobaki ni kufua. Hiyo nayo ni utopia, jamani, na ndiyo iliyo hatari kuliko zote kwa sababu haijawahi kujiita hadithi. Baada ya uchaguzi wa 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini. Mjini Naivasha, Januari 2008, watu 19 waliteketea ndani ya nyumba moja.

Miaka kumi baadaye, Chozi la Heri iliingia madarasani kama riwaya teule. Humo mna daktari, Ridhaa, ambaye familia yake inachomewa ndani ya nyumba na jirani waliyeishi naye kwa miaka mingi. Jina lake ni lile lile la mmoja wa wajumbe wa Kusadikika. Tangu utotoni, shuleni, alikuwa ameitwa 'mfuata mvua'. Linganisha na 'madoadoa'. Maneno haya mawili ni ndugu: yote yanasema huyu si wa hapa. Tofauti ni kwamba mchochezi hulitumia neno ili tusimwone mtu, ilhali mwandishi hulitumia ili tumwone mtu aliyepachikwa neno.

Utopia ya Matei ni ndogo sana. Mwangeka, mwana wa Ridhaa, aliyenusurika kwa kuwa alikuwa ng'ambo, anamwoa mjane Apondi, na wawili hao wanamchukua Umulkheri, msichana asiye wa damu yao, wakamlea kama binti. Nchi haijapona, lakini ipo nyumba moja ambamo 'wale' wamekuwa 'sisi'. Kwa mwanafunzi ambaye wazazi wake walilala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru, nyumba hiyo si jambo dogo.

Swali hilo lilirudi Nakuru Aprili 2025, wakati wa tamasha za kitaifa za drama. Wasichana wa Butere walikuwa na tamthilia ya Kiingereza, Echoes of War, iliyoandikwa na Cleophas Malala, aliyekuwa seneta wa Kakamega. Ilihusu nchi ya kubuni inayojikongoja kutoka vitani, ambamo vijana wamepoteza imani na wazee wanaotawala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kushiriki. Hata hivyo, mwandishi alikamatwa, na asubuhi ya Aprili 10 wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakashuka jukwaani bila kuigiza, wakilalamika kwamba hawana vifaa vya sauti wala mwelekezi wao. Nje, polisi walirusha vitoa machozi. Shule hiyo hiyo ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 2013 kwa tamthilia Shackles of Doom, na wakati huo pia ilibidi mahakama iingilie kati.

Nchi isiyokuwepo haiwezi kumchafulia mtu jina. Anayetuma askari kuizuia amekiri mwenyewe kwamba anaifahamu vizuri, na kwamba yumo ndani yake.

Darasani, tumezoea kuwauliza wanafunzi wataje maudhui matano na sifa sita za mhusika, kisha tunahesabu alama. Hayo yana nafasi yake kwenye mtihani. Lakini nchi za kubuni zinataka swali moja zaidi, nalo mwalimu wa Nakuru ana kila sababu ya kuliuliza bila kuogopa: katika nchi hii tunayosoma, nani hana mahali, na nani aliamua hivyo? Kijana aliyezoea kuliuliza swali hilo kuhusu Wahafidhina atalikumbuka siku mwanasiasa atakapomwahidi nchi safi isiyo na madoadoa. Atataka kwanza kujua doa ni nani.