Kambi ya Karema na Maji ya Ziwa

Sisi wa Ikola twaijua Karema, jirani yetu. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji wa Chama cha Mfalme Leopold cha kuchunguza Afrika, alichagua kilima karibu na maji, akajenga. Ziwa lilikuwa limejaa, kwa kuwa tope na matete yalikuwa yameuziba mto Lukuga huko ng'ambo. Lakini mto ulikuwa umekwisha kuzibuka. Maji yakashuka mwaka hata mwaka. Thomson, msafiri Mskoti aliyepita baadaye, alipalaumu mahali pale: kinamasi, wala hapana bandari. Ufuko ukaiacha ngome mbali.

Tangu 2020 ziwa limepanda tena. Basi ajengaye pwani asitazame maji ya leo tu. Awaulize wazee yalifika wapi zamani.