Matembele, ntumba na watoto wa Ufipa

Jamani, hivi nani alitudanganya kwamba matembele ni mboga ya masikini? Nauliza kwa sababu siku hizi nasoma historia ya kilimo cha Ufipa, na swali hili linanirudia kila mara.

Tuanzie mbali kidogo. Kiazi kitamu si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, kikavuka bahari baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, na Wareno walikuwa miongoni mwa waliokisambaza. Leo tumeshasahau kabisa kwamba ni mgeni.

Wafipa wao walijulikana kwa ulezi, na kwa kilimo chao cha ntumba. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima anageuza udongo pamoja na nyasi zake na kuufunika uwe tuta la duara. Nyasi zinaozea humo ndani na kuwa mboji. Juu yake anapanda maharage na mazao mengine. Msimu unaofuata tuta linabomolewa, udongo unasambazwa, ulezi unapandwa. Rutuba hiyo, bila kununua hata mfuko mmoja wa mbolea!

Kisha mahindi yakashika usukani. Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974, na pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma ukajijengea jina la kulisha taifa. Mafanikio yakawa yanapimwa kwa magunia.

Sasa tazama maajabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 56 ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 34. Utafiti wa 2022 ukakuta bado ni karibu nusu. Mkoa wenye ghala limejaa!

Udumavu una sababu nyingi: maradhi, maji machafu, mama kuelemewa na kazi za shamba. Matembele peke yake hayawezi kuumaliza. Lakini ugali mtupu unashibisha tumbo tu. Matembele yana protini kiasi, foleti, vitamini C na K, na beta-karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kiazi cheupe hakina karibu chochote cha hiyo beta-karotini. Majani yake yanayo.

Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga na wenzake watatu walipewa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuongeza virutubisho kwenye mazao, viazi lishe vya rangi ya chungwa vikiwemo. Wanastahili kabisa. Ila wakati mbegu hizo zinasambazwa, majani ya kiazi chochote yako pale pale shambani.

Upishi nao una maana. Usiyachemshe mpaka yafe halafu ukamwaga maji. Vitamini C inakwenda nayo. Tia mafuta kidogo au karanga za kusaga, maana beta-karotini inahitaji mafuta ili mwili uipate. Anayetumia dawa ya warfarin amuulize daktari kwanza, kwa sababu ya vitamini K.

Mahindi yakijaa ghalani tunapiga picha na kutangaza. Je, nani anahesabu mboga iliyomo kwenye sahani ya mtoto wa miaka miwili pale Sumbawanga?