Betri Haina Swichi

Enzi za simu ya waya, stima ikipotea Mombasa nzima, uliinua mkono wa simu na mlio ukausikia kama kawaida. Nguvu hiyo haikuwa ya watu wa stima. Ilitoka kwenye chumba kimoja ndani ya jengo la simu, chumba ambacho wateja hawakuwahi kukanyaga na ambacho mimi nilikitumikia sehemu kubwa ya umri wangu: chumba cha betri.

Simu za mwanzo hazikuhitaji chumba kama hicho. Kila mwenye simu alikuwa na betri zake kisandukuni, pale pale nyumbani kwake, na fundi alizizungukia nyumba baada ya nyumba. Katika miaka ya 1890 Wamarekani walianza kuzikusanya zote katika jengo moja. Betri ya risasi na asidi ilikwishakuwapo. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na Camille Faure akaiboresha mwaka 1881. Seli moja hutoa volti 2, na ukiunga 24 kwa mfululizo unapata volti 48. Ncha ya chanya ndiyo iliyofungwa ardhini, kwa kuwa waya wa shaba uliozikwa penye unyevu huliwa ukiwa upande wa chanya, na hudumu ukiwa upande wa hasi.

Kazi ya betri niliisomea Mbagathi, Nairobi, katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1948 kuwafunza mafundi wa posta na simu wa Afrika Mashariki yote. Mwalimu wetu wa betri, mzee mmoja Mganda, hakuanza na hesabu. Alituambia tuvue pete na saa, tuziweke mezani. "Vijana wangu," akasema, "mtambo wa stima una swichi. Hii haina. Ukikosea, hakuna wa kukuzimia."

Volti 48 zikigusa mkono mkavu, huenda usisikie kitu. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Seli kubwa ya mitambo ya simu ikipigwa shoti humwaga ampea maelfu, na pete iliyounganisha ncha mbili huwa nyekundu ingali kidoleni. Ndiyo sababu spana zetu zilifungwa utepe mpini mzima, ukabaki mdomo tu, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka chombo cha chuma juu ya betri, hata kwa dakika moja.

Chumba chenyewe kilijengwa kwa kuogopa vitu viwili. Cha kwanza ni asidi. Sakafu ilikuwa ya vigae visivyoliwa, stendi zilipakwa rangi ya kukinga asidi, na karibu na mlango palikaa maji ya kunawia macho na ndoo ya soda ya kuua asidi iliyomwagika. Ukichanganya, unamimina asidi ndani ya maji. Ukifanya kinyume, inachemka na kukurukia usoni. Cha pili ni gesi ya hidrojeni, inayotoka betri inapochajiwa. Ikifika asilimia 4 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Ni nyepesi, hupanda darini, kwa hiyo matundu ya kutolea hewa yalikuwa juu na ya kuingizia chini, na swichi ya taa iliwekwa nje ya mlango. Sigara? Mwenzetu mmoja alihamishwa kituo kwa kuonekana tu na kiberiti mfukoni, na mimi naona walifanya haki.

Baadaye zikaja betri zilizofungwa, zisizotiwa maji. Wakubwa walifurahi sana. Chumba kikageuzwa stoo, betri zikahamia kwenye kabati pembeni mwa meza za makarani, na mazoea ya kuiogopa betri yakafa polepole.

Kisha ikaja lithiamu. Hii haina asidi ya kumwagika, lakini seli yake ikipata joto kupita kiasi hujichoma yenyewe, huambukiza ya jirani, na hutoa gesi inayolipuka. Tarehe 19 Aprili 2019, katika mji wa Surprise, Arizona, wazimamoto walifungua mlango wa jengo la betri za namna hiyo. Gesi ilikuwa imejaa ndani bila pa kutokea. Wanne waliumia vibaya. Mwaka huo huo Australia na New Zealand zilitoa kanuni zao za kufunga betri majumbani, na mwaka 2024 Uingereza ikatoa mwongozo wake: betri isikae chumba cha kulala, darini, wala kwenye njia ya kukimbia moto. Waliandika upya yale ambayo majengo ya simu yaliyajua zamani, kwamba betri ina mahali pake.

Huku kwetu Kenya, tangu giza la nchi nzima la Agosti 2023, stima ilipopotea, betri za sola za majumbani zinauzwa kwa wingi. Nimeona moja imetundikwa ukutani juu ya kitanda cha mtoto, na sakiti breka yake ni ya stima ya kawaida. Stima ya kawaida hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, na cheche hupata nafasi ya kufa. Mkondo wa betri haupiti sifuri kamwe, kwa hiyo breka isiyo yake inaweza kuendelea kuwaka ndani hata ikishafunguka. Tena inveta ya kilowati 5 inavuta zaidi ya ampea 100 kutoka betri ya volti 48. Bolti moja isiyokazwa inatosha kuanzisha moto.

Basi ukiletewa fundi, mwombe leseni yake ya sola. Kanuni za mwaka 2012 zilimtaka awe nayo. Mwulize fyuzi ya betri iko wapi na kama iko karibu na ncha, breka ni ya mkondo gani, na hewa inatokea wapi. Akikujibu kwamba volti 48 haziui, mlipe nauli yake arudi alikotoka.