Kinanda cha Mabomba na Ngoma za Ufipa

Miongoni mwa vyombo vyote ambavyo wanadamu huvitumia kwa kumsifu Mola wao, kinanda cha mabomba ndicho kikubwa kwa umbo, ghali kwa thamani na kizito kwa kuchukulika. Na mtu atakaye kujua kwa nini misheni za mwambao wa Ziwa Tanganyika, tangu Karema, kupitia Kabwe, hata Kirando, pamoja na zile za nyanda za juu za Ufipa, zilikulia katika sauti nyingine, yampasa aanze na jambo ambalo Wafipa walilijua kabla ya mmisionari yeyote kuwasili, nalo ni tabia ya upepo uingiapo katika bomba.

Wafua chuma wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo yaitwayo malungu, marefu kupita kimo cha mtu, ambayo chini yake walipenyeza mabomba ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe pasipo mtu wa kupuliza. Kisha chuma kilichopatikana wakakisafisha katika tanuri dogo, kintengwe, ambalo halikukolea moto ila kwa mivukuto. Kinanda nacho chaishi kwa mivukuto. Ngozi husukuma hewa hata ijae ndani ya sanduku la mbao lililozibwa barabara, na juu ya sanduku hilo husimama safu za mabomba, mengine ya bati na risasi, mengine ya mbao. Mpigaji abonyezapo kitufe, kilango kidogo hufunguka chini ya bomba moja tu, na hewa iliyokuwa imefungiwa hupanda na kuliliza, lililo refu kwa sauti nzito na lililo fupi kwa sauti nyembamba.

Wengi hudhani kuwa chombo hiki ni mali ya Ulaya tangu asili, kumbe kilizaliwa katika bara hili la Afrika, katika mji wa Alexandria nchini Misri, ambako fundi Ctesibius, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia uzito wa maji kuituliza hewa iendayo kwenye mabomba. Warumi wakakipiga katika viwanja vya michezo, mahali watu walipouana ili wengine wafurahi, na kwa ajili hiyo Wakristo wa zamani hawakutaka hata kukisikia. Mwaka 757 Kaisari wa Konstantinopoli alimpelekea Pepin, mfalme wa Wafaranki, kinanda kuwa hidaya. Na katika karne iliyofuata wana wa Musa, mabingwa wa Baghdad, wakaandika habari za chombo cha upepo kilichojipigia chenyewe kwa nguvu za maji. Hata kufikia mwisho wa karne ya 10, mtawa Wulfstan wa Winchester, Uingereza, alikuwa akisifu kinanda cha kanisa lao ambacho, kwa maneno yake, kilihitaji wanaume 70 wa kuvuta mivukuto. Basi kinanda kilikaa nje ya mlango wa kanisa karne nyingi kabla ya kukaribishwa ndani.

Katika nchi zetu kilipata makao ya heshima Unguja, katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa Seyyid Barghash wa mwezi Juni 1873, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa papo hapo. Askofu Edward Steere, bingwa wa lugha ya Kiswahili, akasimamia ujenzi, akaliezeka jengo kwa kuba refu la mawe ya matumbawe na saruji, ambalo huishika sauti na kuirudisha. Kinanda chake ni kazi ya nyumba ya Henry Willis, mafundi wale wale waliotengeneza kinanda cha kanisa la Mtakatifu Paulo, London. Kwa Unguja, meli hutia nanga karibu na mlango. Sivyo ilivyokuwa kwa Ufipa. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, wale wa kwanza waliondoka Bagamoyo Juni 1878, wasifike Ujiji hata Januari 1879, na kila kitu chao kilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mzigo mmoja ukiwa kiasi cha ratili 60 au 70. Mwaka 1885 wakakabidhiwa ngome ya Karema, iliyojengwa na Wabelgiji, na toka ziwani hata Sumbawanga ilibaki safari ya kupanda mita zipatazo elfu moja.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, hoja ya uzito ilipungua nguvu, kwani meli nzima, Graf Goetzen, ambayo leo yaitwa Liemba, ililetwa ziwani vipande vipande ndani ya masanduku, ikaunganishwa huko huko. Lakini meli hudumishwa na biashara na serikali, ilhali kinanda cha mabomba hutaka fundi wa kudumu: mchwa hupenda mbao zake, panya hupenda ngozi zake, na masika na kiangazi hupanua na kukausha sanduku hata hewa ikavuja na bomba likalia bila kuguswa. Kwa hiyo kilichoenea katika misheni za bara ni kile kinanda kidogo ambacho Debain wa Paris alikipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1842, kisicho na bomba hata moja, bali ndimi nyembamba za shaba zinazotetema hewa ipitapo. Mpigaji huikanyaga mivukuto kwa miguu yake miwili, na akipumzika yeye, na wimbo hupumzika.

Ngoma, ambayo kila kijiji kilikuwa nayo, iliachwa nje. Waraka wa Papa Pius wa Kumi wa tarehe 22 Novemba 1903 uliruhusu kinanda na kukataza piano, ngoma na kila chombo cha makelele. Na mapadre wa bara, kwa utiifu, wakaufuata. Lakini mwaka 1958, huko Kamina, Katanga, ng'ambo ya ziwa, Padre Guido Haazen na vijana wake wakaimba Misa kwa ngoma. Na mwaka 1963 Padre Stephen Mbunga, Mtanganyika, akatoa kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Tarehe 4 Desemba mwaka huo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaamua kwamba kinanda cha mabomba kidumu katika taadhima yake, na vyombo vingine vipokewe ikiwa vyafaa kwa ibada na kuwajenga waumini.

Uamuzi huo hauwezi kuitwa upole kwa Waafrika peke yao. Ngoma ilishitakiwa kwa kosa lile lile ambalo kinanda kilishitakiwa hapo kale, yaani kutumika katika michezo ya dunia, na ikasamehewa kwa hoja ile ile, kwamba chombo hufuata nia ya mkono unaokipiga. Basi kwaya ya Ufipa iimbapo kwa kinanda na ngoma pamoja haichanganyi cha kigeni na cha kienyeji, maana vyote viwili vina asili katika bara hili, na vyote viwili viliwahi kungojeshwa mlangoni.