Masasisho ya Windows yanavyomeza nafasi ya diski

Tarakilishi inayotumia mfumo wa Windows huweza kujaa bila mwenyewe kuhifadhi hata picha moja mpya. Masasisho ambayo kampuni ya Microsoft hutoa kila Jumanne ya pili ya mwezi huacha nyuma nakala za faili zilizobadilishwa, ili mtumiaji aweze kurejea alikotoka iwapo jipya litaleta hitilafu.

Kwa mwenye diski ya gigabaiti 500, jambo hilo halikeri. Mambo ni tofauti kwa vipakatalishi vya bei nafuu vyenye gigabaiti 32 au 64 pekee, ambavyo aghalabu hifadhi yake imelehemiwa kwenye ubao mkuu na haiwezi kubadilishwa. Diski ikijaa, masasisho mapya hushindwa kusakinishwa, na mashine hubaki na mianya ya usalama ambayo wahalifu wa mtandaoni wamekwisha kuifahamu.

Folda kubwa kuliko zote huwa ni Windows.old, ambayo mara nyingi huzidi gigabaiti 10. Huzaliwa toleo zima la mfumo linapobadilishwa, kama ilivyokuwa kwa waliohamia Windows 11 wakati huduma za Windows 10 zilipokaribia kukoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10 hivi. Anayeifuta mapema hupata nafasi yake papo hapo, lakini hupoteza njia rahisi ya kurudi katika toleo la zamani. Ni heri kwanza ahakikishe kwamba printa, sauti na programu za kazi zinafanya kazi sawasawa.

Folda inayozua hofu zaidi ni WinSxS, iliyo ndani ya folda ya Windows. Anayeikagua huona gigabaiti nyingi na kushawishika kuifuta. Asithubutu. Humo ndimo mfumo hutunza sehemu zake zenyewe, na kuzifuta kwa mkono kunaweza kuifanya mashine ikatae kuwaka. Isitoshe, ukubwa unaoonekana umetiwa chumvi: faili nyingi za humo zina jina la pili mahali pengine katika mfumo, ilhali kwenye diski ni faili moja tu. Ni sawa na mtu mmoja aliyeandikwa katika madaftari mawili akahesabiwa kuwa watu wawili.

Njia salama ni kuuachia mfumo ujisafishe. Mtumiaji abonyeze kitufe cha Windows, aandike cleanmgr, achague diski C, kisha abofye "Clean up system files". Katika orodha itakayotokea, atie alama kwenye "Windows Update Cleanup" na kukubali. Kazi hiyo huweza kuchukua muda mrefu, kwa hivyo kipakatalishi kiwe kimeunganishwa na umeme.

Katika Windows 10 na 11, huduma kama hiyo hupatikana pia kupitia Settings, System, Storage, na hatimaye Temporary files. Hapo pana mtego: folda ya Downloads nayo imo katika orodha. Wengi huhifadhi humo taarifa za benki, vyeti na barua za kuomba kazi, na anayetia alama kila kisanduku hufuta vyote hivyo kwa pamoja.

Mwenye ujuzi kidogo anaweza kufungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika Dism /Online /Cleanup-Image /AnalyzeComponentStore. Amri hiyo hutaja ukubwa halisi wa WinSxS na kueleza iwapo usafishaji unahitajika. Ukihitajika, neno la mwisho hubadilishwa kuwa /StartComponentCleanup. Kwa kawaida mfumo husubiri angalau siku 30 kabla ya kuondoa sehemu zilizopitwa na wakati. Amri hii haingoji. Baadhi ya washauri huongeza /ResetBase ili kukamua nafasi zaidi, lakini baada ya hapo masasisho yaliyokwisha kusakinishwa hayawezi tena kuondolewa, hata yakiwa na kasoro.

Kuna pia folda ya SoftwareDistribution, ambamo vifurushi vilivyopakuliwa huwekwa. Yaliyomo katika folda yake ndogo ya Download yanaweza kufutwa baada ya kusimamisha huduma ya Windows Update. Hata hivyo, kifurushi ambacho hakijasakinishwa kitapakuliwa upya, na kwa anayenunua bando za intaneti, hiyo ni gharama juu ya gharama.

Kwa upande mwingine, gigabaiti 7 hivi zinazoitwa "Reserved storage" si takataka. Tangu toleo la 1903 la mwaka wa 2019, mashine zinazouzwa na mfumo huo hutenga nafasi hiyo makusudi kwa ajili ya masasisho yajayo.

Endapo nafasi bado haitoshi kubadilisha toleo, Windows huweza kuazima nafasi ya muda katika diski ya nje ya USB. Lakini kwa mashine ya gigabaiti 32, usafi wowote ule hautaifikisha Windows 11, kwani mfumo huo hudai hifadhi isiyopungua gigabaiti 64.