Jinsi sayansi inavyofanya kazi: Funzo la homa iliyozuka Garissa na Wajir

Vitabu vya shule hueleza njia ya kisayansi kama ngazi: kuchunguza, kuuliza, kubuni nadharia tete, kujaribu, kisha kuamua. Orodha hiyo si ya uongo, ila humfanya mwanafunzi adhani kuwa ngazi hupandwa mara moja tu. Historia ya Homa ya Bonde la Ufa huko Kaskazini Mashariki mwa Kenya yaonyesha vingine.

Mwishoni mwa mwaka 1997, baada ya mvua za El Nino kugharikisha Garissa, watu walianza kufa kwa homa iliyoambatana na kutokwa damu, nao mifugo wakatupa mimba na kufa kwa wingi. Ulikuwa ugonjwa gani? Kimeta kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyodhaniwa, na dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani nacho huua mifugo na wanaokula nyamafu. Lakini nadharia tete yenye manufaa husema mapema ni jambo gani likionekana litaiangusha. Kama ni Homa ya Bonde la Ufa, damu ya wagonjwa sharti iwe na kirusi chake au kingamwili zake. Sampuli zilipimwa katika maabara za Afrika Kusini na Marekani, navyo vikapatikana.

Mvivu angefunga daftari hapo. Hata hivyo, wagonjwa wengi waliopimwa hawakuwa na dalili ya kirusi hicho. Watafiti hawakuyaficha matokeo hayo. Walipozidi kutafuta, walipata katika baadhi ya sampuli kirusi kingine, wakakiita Garissa. Baadaye ikabainika kuwa ni kile kiitwacho Ngari.

Watafiti pia walipima damu za watu katika kaya, wakiwalinganisha walioambukizwa na wasioambukizwa. Bila ulinganisho huo, kusema kwamba wagonjwa waligusa mifugo hakuna maana, kwa kuwa katika jamii ya wafugaji karibu kila mtu hugusa mifugo. Ilidhihirika kuwa hatari iliwaandama zaidi waliogusa damu na majimaji ya wanyama au kuwalaza ndani ya nyumba. Walikadiria kuwa watu 27,500 waliambukizwa wilayani Garissa.

Mtihani mgumu zaidi ni kutabiri. Utafiti uliofanywa Kenya miaka ya 1980 ulionyesha kuwa kirusi hiki hurithiwa kupitia mayai ya mbu, yanayokaa ardhini hadi mafuriko yayaangue. Mwaka 1999, Kenneth Linthicum na wenzake walitangaza katika jarida la Science kwamba joto la bahari za Pasifiki na Hindi, pamoja na picha za setilaiti za uoto, vingeweza kutabiri mlipuko hadi miezi 5 kabla. Mwaka 2006 tahadhari ilitolewa wiki kadhaa kabla ya wagonjwa wa kwanza kujulikana, na mlipuko ukatokea kweli, Garissa ikiwa ya kwanza. Utabiri ulifaulu, kinga ilichelewa. Hadi Machi 2007 Kenya ilikuwa imehesabu wagonjwa 684, na 155 kati yao walifariki.

Je, El Nino ndiyo chanzo? El Nino kali ya mwaka 2015 ilileta tahadhari, lakini Kenya haikupata mlipuko mkubwa. Kisha Juni 2018, bila El Nino, ugonjwa ukazuka Eldas, jirani ya eneo la Hadado katika kaunti ya Wajir, baada ya mvua nzito za masika. Kwa hiyo dhana ilibidi inolewe: kinachowaamsha mbu ni maji kutuama kwa muda mrefu, hata yawe yameletwa na nini.

Wafugaji Wasomali wana jina la ugonjwa huu kwa mifugo, sandik, yaani pua inayotoka damu. Watafiti waliowahoji baada ya mlipuko wa 2006 na 2007 walikuta kwamba wafugaji hao walikuwa wameona mvua, wingi wa mbu na mimba kutoka kabla maafisa hawajachukua hatua.