Kutoka mkuki hadi mwiko: Wangoni walimtangulia Tatsu

Wadau, ile katuni ya Kijapani iliyoanza 2018, ya Tatsu, jambazi sugu aliyeacha uhuni akavaa aproni ampikie mkewe, inachekesha balaa. Ila Songea kitu kama hicho kilishatokea, na hakuna aliyecheka.

Wangoni walikuwa watu wa mkuki na ngao. Februari 27, 1906, kwenye Vita vya Majimaji, Wajerumani wakawanyonga mashujaa wao mjini Songea. Miaka iliyofuata, vijana kibao wakaenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Wengi waliacha wake nyumbani, kwa hiyo posho walijipikia wenyewe. Mjukuu wa shujaa, mwiko mkononi!

Tatsu alichagua jiko. Wao walisukumwa na kodi. Sasa wewe unayesema mwanaume hapiki, babu yako alikula nini kule Tanga?